UZI: Stori za kijiweni zinazoua magari yetu, na majina tunayowapa watu kisa gari wanayoendesha

#1 Mleta uzi

Wakuu salamu. Leo naomba tuongelee hizi imani za magari tulizorithishana kijiweni. Mtu anakwambia kwa uhakika kabisa usinunue D4 (injini za Toyota za kurusha petroli ndani ya silinda), turbo achana nayo, CVT (gia boksi ya mkanda) kimeo, Passo ya wadada, Altezza ya wahuni, ukimuuliza umejuaje anakujibu si kila mtu anajua. Mi nashinda na magari kila siku na naona gari nzima zinaletwa gereji zikiwa zimeshauliwa, ukifuatilia hazijauliwa na Mjapani aliyezitengeneza, zimeuliwa na ushauri. Na hawa vijana wanaobadilisha gari zao nao wanabebeshwa lawama ambazo nyingi sio zao, na zile ambazo ni zao kweli hakuna anayekaa nao akawaelekeza. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali atupie.

Naanza na themostati, kile kivalvu kinachofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta, maana hii inaniuma kuliko zote. Gari ikichemsha tu, fundi wa kwanza kuifungua anatoa themostati anatupa, anasema hizi ziliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwetu haina kazi. Wakuu, themostati haijui kama upo Sapporo au Temeke, inachojua ni joto la maji yaliyomo ndani ya injini. Kwenye Toyota nyingi inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, kabla ya hapo imejifunga ili injini ipate moto upesi. Ukiitoa injini inatembea na ubaridi muda mrefu, sensa inaiambia kompyuta bado hatujapata moto, kompyuta inaongeza petroli, unaanza kulalamika gari inakunywa mafuta, oili nayo haipati joto la kukausha unyevu inageuka tope chini ya kava ya juu ya injini.

Alafu kuna injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili kwa nyuma. Kazi ya hicho kisahani ni kuziba njia ya mkato, yaani maji yakishakuwa ya moto yasirudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukitoa themostati ile njia inabaki wazi saa zote, sehemu ya maji inazunguka tu bila kupozwa. Kwa hiyo umeitoa ili gari isichemshe, na ndo inachemsha zaidi siku ukipanda mlima na mzigo.

Na kabla hujagusa themostati angalia mfuniko wa rejeta, asubuhi injini ikiwa ya baridi. Juu umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha unayotakiwa kushika. Mfumo ukiwa umefungwa vizuri na mfuniko wa 1.1 maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia mpaka 120 hivi. Mpira wa mfuniko ukikauka presha inatoroka, na kama upo Mbeya mjini, juu kule mita kama 1,700, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Unakuta mtu kafungua silinda hedi, kachonga, kabadilisha gasketi, kumbe tatizo lilikuwa kifuniko cha hela ndogo kuliko ya kumwaga oili. Na maji ya bomba jamani tuache. Kulanti sio rangi ya urembo, ina dawa ya kuzuia kutu, ukiweka maji matupu pampu ya maji inaliwa taratibu na rejeta inajaa uchafu wa kahawia, ndani ya miaka michache unanunua rejeta ya mtumba ambayo nayo imeziba.

Sasa D4. Toyota walitoa huu mfumo mwaka 1996 kwenye Corona Premio yenye injini ya 3S-FSE. Tofauti yake na injini za kawaida ni kwamba petroli hairushwi kwenye njia ya hewa, inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo pampu na nozeli zake zina nafasi finyu sana na hazitaki uchafu. Sasa fikirieni hizi gari zilituingilia kipindi gani. Kipindi cha uchakachuaji, mafuta ya taa yanachanganywa kwenye petroli na dizeli mpaka EWURA, wasimamizi wa mafuta, mwaka 2010 wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili wawakamate. Pampu ya D4 inalainishwa na petroli yenyewe, ukiilisha takataka lazima ife. Mi naona jina baya lilipatikana hapo, na fundi wengi hawakuwa na mashine ya kupima, wanafungua kwa kubahatisha, gari inakaa gereji miezi mwenye gari anaapa hatorudia.

Ila sikilizeni hili. Mtu huyo huyo anayekimbia D4 utamkuta ana Mark X ya 2.5 au Crown Athlete ya 2.5 na anaisifia barabara nzima. Injini iliyomo humo ni 4GR-FSE. Hiyo nayo ni D-4! Nenda kasome kibandiko kwenye kava ya injini. Kwa hiyo sio kwamba D4 haiwezi kuishi Tanzania, inaishi na tunaipenda, tatizo tulishaamua kabla ya kufungua boneti. Udhaifu wake wa kweli upo, mimi siufichi, kwa sababu petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa hazioshwi, zinajenga masizi, inabidi zisafishwe kila baada ya muda, na filta ya petroli sio ya kusahau.

#2 Mchangiaji, fundi

Mleta uzi kuna ukweli ila unatuonea mafundi. Mteja anakuja gari imechemsha saa moja usiku, hana hela ya themostati mpya, na ya dukani nyingi feki inajam ukiifunga siku hiyo hiyo. Nikimwambia gari ilale anasema kesho asubuhi inatakiwa ipeleke watoto shule. Natoa themostati anaondoka. Akirudi mwezi ujao nimwekee nzima, harudi. Miaka miwili baadaye injini imenoki anasema fundi ndo aliua.

#3 Mleta uzi

Fundi nakuelewa na nimekubali hilo la feki, ni kweli kabisa, themostati mbovu inayogoma kufunguka inaua injini haraka kuliko kutokuwa nayo. Kabla ya kufunga ichemsheni kwenye sufuria, tumbukiza kipimajoto, uangalie kwa macho inafunguka kwenye nyuzi ngapi, ubavuni au kwenye kisahani chake huwa imeandikwa 82 au 88. Ikifunguka hapo funga, ikigoma rudisha dukani. Na wateja tujifunze, fundi akikwambia nimetoa kwa muda, maana yake kwa muda.

#4 Mchangiaji

Vipi kuhusu turbo mkuu? Nataka Forester ya turbo kila mtu ananiambia nitajuta. Na CVT pia, bi mkubwa wangu ana Nissan Note, fundi kasema gia boksi za CVT zimetengenezwa zife.

#5 Mleta uzi

Mkuu basi ulilopanda kutoka mkoani kuja Dar lilikuwa na turbo. Scania, Fuso, Prado ya dizeli, Hailaksi za halmashauri, nyingi zina turbo na zinapiga kilometa laki na laki. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja, moshi unaotoka unazungusha hii, ile inasukuma hewa ndani. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kitu kikuu kinachoizuia isiungue ni oili nyembamba inayopita kwenye bushi zake. Kwa hiyo oili ikichelewa kumwagwa, au ukiweka ile nzito ya 20W-50 kwenye gari iliyoandikiwa 5W-30 kisa umeambiwa nzito ndo inalinda, asubuhi inachelewa kufika juu na turbo inazunguka kavu. Hii ya oili nzito inaua hata zisizo na turbo, VVT-i, ule mfumo wa kupanga muda wa valvu kufunguka, inafanya kazi kwa presha ya oili kupita kwenye vitundu vidogo sana, uji hauwezi kupita pale. Na ukitoka kuikimbiza usizime papo hapo, iache ipumue dakika moja mbili. Forester nunua, ila kamata yenye historia ya oili, na angalia kama haivuji kwenye hedi, maana hiyo injini ya kulala ina hedi mbili na gasketi mbili, kazi yake sio ya kila gereji.

CVT haijatengenezwa ife. Inauliwa na ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, unategemea oili yenye msuguano wake maalumu. Nissan wanataka NS-2 au NS-3 kutegemea na gari, Toyota wana TC na FE. Fundi akimimina ile ATF nyekundu ya gia boksi za kawaida mkanda unaanza kuteleza, unakwangua puli, vumbi la chuma linaingia kwenye valvu bodi, baada ya hapo hata ukiweka oili sahihi umechelewa. Muulize bi mkubwa mara ya mwisho kabadilishiwa oili gani ya gia boksi, na kopo aonyeshwe kabla halijafunguliwa.

#6 Mchangiaji, Nairobi

Mimi nafuatilia kutoka Nairobi. Huku Subaru ndiyo iliharibiwa jina kabisa, ukiwa kijana na uko na Forester au Impreza watu washaamua wewe ni mtu wa fujo, ukiwa na Probox basi unabeba miraa. Na matatu zetu za kupakwa rangi, zile nganya za Rongai, mzee akiiona tu anasema hao ni wezi. Na ukiangalia ndani kuna kijana alichora hiyo picha na mkono wake, kuna fundi wa welding alitengeneza bodi yote kutoka chassis, kuna mtu wa taa na mtu wa muziki, hiyo ni ajira ya watu wengi sana. Mnakumbuka sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, mikanda, vidhibiti mwendo vya 80, mstari wa njano. Mikanda na mwendo zilikuwa na maana, zililinda watu. Lakini michoro ilipigwa vita pamoja nazo kana kwamba rangi ndiyo inagonga watu. Baadaye serikali ikalegeza, rangi zikarudi, na mpaka leo dereva mbaya ni mbaya hata kwa gari nyeupe.

#7 Mleta uzi

Hapo ndugu yangu wa Nairobi umenigusia kwenye sehemu niliyokuwa naisubiri.

Ukisema gari iliyobadilishwa, watu wanapata picha ya kijana na eksozi ya kelele. Lakini nendeni Arusha. Gari inayoheshimika kuliko zote pale ni Land Cruiser ya watalii, na ile imebadilishwa kuliko Altezza yoyote mnayoijua. Wanaikata katikati, wanaongeza kipande cha chasisi na bodi viti viingie, wanatoboa paa wanaweka la kunyanyuka mtalii asimame aone simba, wanabadilisha springi, wanaongeza tenki, wanaweka soketi za kuchajia kamera. Kazi hiyo inafanywa na gereji za hapo hapo kwa mikono ya Watanzania, na gari inapiga Serengeti na Ngorongoro kwenye barabara ya matuta mwaka mzima. Hakuna anayeiita gari ya kihuni. Kuna na hizi zinazobadilishwa breki na mafuta viende mkononi ili mtu asiye na nguvu ya miguu aendeshe mwenyewe, nazo ni modifai. Kwa hiyo tusiseme kubadilisha gari ni uhuni, tuulize kimebadilishwa nini, na nani, na kwa hesabu ipi.

Sasa vijana wangu wa spesa naomba mnisikilize na nyie kwa upendo. Unaletewa Raum au IST, unasema inagusa chini, unaenda unawekewa vipande vya mpira au chuma juu ya shokapu inanyanyuka. Inch moja sawa, naelewa barabara zetu. Lakini mkipandisha sana, ekseli inafanya kazi kwa kona ambayo haikupangiwa, buti ya sivi jointi, ule mpira unaofunika kiungo cha ekseli, inachanika grisi inamwagika, baada ya muda unasikia tak tak tak ukikata kona. Paipu ya breki inavutika. Na uzito wa gari umeenda juu, ile gari ukiikwepesha ghafla kwa ng'ombe barabarani inataka kulala. Ukishanyanyua lazima upige alaimenti, na uhakikishe paipu za breki zina nafasi usukani ukikatwa mpaka mwisho pande zote mbili. Wanaoshusha nao, acheni kukata springi na grinda. Springi iliyokatwa haikai kwenye kikalio chake, gari ikiruka tuta inaweza kuchomoka. Zipo springi fupi zilizotengenezwa fupi.

Matairi. Hapa naomba mchukue kalamu. Tuseme gari imetoka na 195/65R15. Hiyo 65 ni asilimia ya 195, kwa hiyo ukuta wa tairi ni milimita 126.75, juu na chini 253.5, ongeza rimu inchi 15 ambayo ni 381, jumla tairi ina kimo cha milimita 634.5. Ukitaka rimu 17 ukaweka 215/45R17 unapata 625, umebaki karibu pale pale, sawa. Ukiweka 225/55R17 kisa inajaza vizuri unapata 679, umeongeza asilimia 7. Maana yake dashibodi ikikusomea 100 wewe upo 107, na gari inakuwa nzito kuondoka, unasema injini imechoka kumbe umeibadilishia gia bila kujua. Trafiki akikupiga tochi kwenye 50 usibishane kwamba mita yako ilikuwa 50.

Na kabla ya kununua tairi za mtumba zinazong'aa, tafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT. 2314 ni wiki ya 23 mwaka 2014. Mi tairi ya umri huo sifungi hata ikiwa na vinyweleo vyake vyote. Naitrojeni kama unapewa bure chukua, ila hewa ya kawaida unayojaza kwa fundi pancha tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni, hivyo usilipie ukidhani umenunua usalama, pima upepo kila wiki inatosha.

Kelele sio nguvu. Kukata mafla kwenye gari ya kawaida isiyo na turbo hakukupi kitu cha maana, mara nyingi unapoteza mvuto wa chini na unaamsha wagonjwa. Na masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye eksozi. Hii nataka iwe kwa herufi kubwa, MASEGA USIMPE MTU BURE. Fundi anakwambia masega yameziba tuyatoe gari iwe nyepesi, anakutolea bila kukudai hata hela ya kazi, unamshukuru. Mle ndani kuna platini, paladiamu na rodiamu, madini ambayo yana soko, ndo maana yanaibiwa kwenye gari zilizopaki. Ukishayatoa sensa ya pili ya oksijeni inaona moshi haujasafishwa, taa ya cheki injini inawaka, anakuja mwingine anakufunikia ile taa kwa utepe mweusi, siku injini ikianza kukosa huna wa kukuambia. Nimeshaona dashibodi ya namna hiyo mara nyingi mno. Kama masega yameziba kweli kuna kitu kimeyaziba, injini inakula oili au plagi hazichomi, tafuta hicho.

#8 Mchangiaji

Mi nachangia kama mdada mwenye Passo. Hii ya gari za wadada mnaona ni utani lakini ina madhara. Nikipeleka gari gereji fundi anaongea na shemeji yangu niliyempa lifti, hela natoa mimi. Nikisema nasikia mlio kwenye tairi ya kushoto mbele naambiwa dada hayo ni mawazo. Nilienda gereji ya pili wakaona beringi imekwisha. Na wakaka wanaogopa kununua Passo au Vitz wanayoimudu, wanakopa Crown ambayo kumwaga oili tu wanahangaika, kisa wataitwa wana bebi woka.

#9 Mleta uzi

Dada asante sana na fundi wanaosoma hapa walichukulie kwa uzito, mwenye gari ndo anayeijua milio yake. Beringi ya tairi haina mzaha ile.

Kuhusu gari ndogo kuonekana sio gari, nawapa historia ya hapa hapa Afrika Mashariki. Safari Rally ya 1993 Subaru walileta Vivio, gari yenye injini ya cc 660. Hiyo Passo yako ya cc 1000 ni kubwa kuliko ile. Patrick Njiru wa Kenya aliiendesha kwenye mashindano yaliyokuwa yanazika magari makubwa, akamaliza nafasi ya 12 kwa jumla na kushinda daraja lake. Ilikuwa imeandaliwa kwa mashindano, sawa, lakini injini ilibaki cc 660.

#10 Mchangiaji

Sawa mkuu lakini gari za Ulaya hapo utakubali, haziwezi barabara zetu. Na hizi za siku hizi bati laini, ukigonga mbuzi bampa linaisha. Peugeot za zamani zilikuwa chuma.

#11 Mleta uzi

Umejijibu mwenyewe, Peugeot ni ya Ulaya! Bert Shankland aliyekuwa anaishi hapa Tanzania alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, na 504 ikaja kushinda 1975 na 1978. Kipindi hicho cha Shankland Mjapani ndo alikuwa bado hajashinda hata mara moja, mpaka Datsun 1600 mwaka 1970. Kilichobadilika sio Ulaya kushindwa na mashimo, ni spea na mafundi. Toyota ukiharibikiwa Tunduma au Nzega utapata spea ya mtumba na kijana anayeifahamu, BMW utasubiri. Hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kununua Toyota na mi nakuunga mkono, ila ndo sababu yenyewe, tusiseme ubora.

Hili la bati naomba tulielewe vizuri maana linahusu uhai. Ile pua ya gari imetengenezwa ijikunje kusudi. Mercedes walianza kuuza gari zenye pua ya hivyo mwaka 1959, wazo la mhandisi wao Béla Barényi. Ikijikunja inakula nguvu ya kugongana kabla haijakufikia wewe uliyekaa ndani ya kibanda kigumu. Mwaka 2009 Wamarekani wa IIHS, taasisi inayopima usalama wa magari, waligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959, lile dude la chuma, na Chevrolet Malibu ya 2009. Video ipo itafuteni. Bel Air kibanda cha dereva kilikunjamana, usukani ukamfuata sanamu wa majaribio kifuani, kwenye Malibu sanamu alibaki na nafasi yake. Kwa hiyo ukiona bampa limeisha na dereva anatembea kwa miguu yake, gari imefanya kazi. Na kwa sababu hiyo hiyo wanaotoa usukani wenye ebegi wakaweka ule mdogo wa mashindano waelewe wametoa nini, na ebegi bila mkanda inaweza kukuumiza vibaya kwa sababu inakuta umeshasogea mbele.

#12 Mchangiaji, Mbeya

Mkuu ongelea na hii ya kuweka nyutro kwenye mteremko. Huku kwetu ndo ushujaa, wanasema inaokoa mafuta.

#13 Mleta uzi

Asante sana kwa kuileta. Miteremko ya Kitonga, Sekenke, Iwambi hapo kwenu, na Wakenya wanaijua Salgaa, sehemu hizi zimemaliza watu na mara nyingi lori lilikuwa linashuka fri.

Gari za kabureta za zamani sawa ulikuwa unaokoa kidogo. Gari yenye nozeli na kompyuta, ukiachia pedali ukiwa kwenye gia na gari inashuka, kompyuta inakata petroli kabisa, tairi ndo zinazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabaki peke yake, inabidi ipewe petroli isizime. Kwa hiyo nyutro ndo inakula mafuta zaidi! Na umepoteza kizuizi cha injini, kazi yote inabaki kwa breki, pedi zinapata moto, fluidi ya breki ya zamani imeshanyonya maji inachemka ndani ya paipu, unakanyaga pedali inaenda chini kama unakanyaga sponji na mbele yako kuna basi. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Otomatiki weka 2 au L, au S kwa zenye nayo. Fluidi ya breki badilisha kila miaka miwili, haijalishi rangi.

#14 Mchangiaji

Nimepata Mark X imeshushwa, ina rimu 18, taa nyeupe kali, eksozi kubwa. Muuzaji anasema ilikuwa ya kijana mtulivu. Mzee kasema nisiguse gari iliyochezewa. Dashibodi inaishia 180 pia, jamaa anasema hiyo ni dhaifu inabidi ya 240.

#15 Mleta uzi

Ya 180 isikutishe, ni gari ya soko la Japani. Walikuwa na makubaliano ya kufunga mwendo kwenye 180, hata Skyline GT-R dashibodi yake iliishia hapo hapo. Namba ya mwisho kwenye mita haisemi nguvu.

Mzee wako ana pointi ila usiikatae kwa kuiona tu. Mwambie muuzaji asiiwashe, nenda asubuhi ikiwa ya baridi uiwashe mwenyewe, sikiliza sekunde za kwanza kama kuna mlio wa cheni. Washa swichi kabla ya kupiga stata uangalie kama taa ya cheki injini inawaka, injini ikishawaka izime, isipowaka kabisa imefichwa. Ingia chini, springi ziwe nzima sio zilizokatwa na grinda, masega yawepo, tairi zisiwe zimeliwa upande wa ndani. Zile taa kali kama ni balbu za LED zimechomekwa kwenye nyumba ya halojeni zitoe, zinatawanya mwanga zinapofusha anayekuja. Muombe vitu alivyovitoa, springi zake na eksozi yake, kijana aliyekuwa anaitunza kweli huwa ameviweka stoo na atakupa, na hiyo itakuonyesha mengi kuliko maneno ya muuzaji. Karatasi ya mnada wa Japani kama ipo angalia gredi, R au RA maana yake iliwahi kupata ajali ikarekebishwa. Alafu namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi, na rangi pia, kama aliibadilisha bila kwenda TRA, mamlaka ya mapato, utaanza wewe kuzunguka. Bima waambie ukweli kuhusu vilivyobadilishwa kabla ya kukata. Ukimaliza hayo weka picha za chini ya gari hapa tuziangalie pamoja kabla hujatoa hela.